Karatasi Ambayo Ice Cube Hakuisaini

Kwenye kibanda cha video cha mtaani kwetu Temeke, picha za mapigano zilijaza watu mpaka wengine wakaangalia wakiwa wamening'inia dirishani. Picha za watu wanaoongea tu zilifukuza wateja. Kwa hiyo siku mwenye kibanda alipoweka mkanda wa Friday, mwaka 1998 kama sikosei, robo saa haijaisha jamaa mmoja wa benchi la nyuma akapiga kelele: "Sasa stelingi yuko wapi?"

Alikuwa na haki ya kuuliza. Stelingi tuliyemzoea alikuwa na misuli, au bunduki, au baba aliyeuawa na adui mwanzo wa picha. Huyu wa leo alikuwa kijana amekaa kibarazani kwao asubuhi. Amefukuzwa kazi siku yake ya mapumziko, anamsikiliza rafiki yake mropokaji na kuangalia nani anapita barabarani. Anapita mchungaji mwenye macho ya tamaa. Anapita mbabe wa mtaa juu ya baiskeli aliyompora mwenzake. Jirani anatoka, jirani anaingia. Na sisi tumelipa hela kuangalia hayo.

Mtafsiri wa kibanda, aliyekuwa na maiki iliyofungwa kwa utepe mweusi, aliishiwa. Kutafsiri ngumi ni rahisi, unasema "huyo kapigwa, huyo kalala". Umbea wa kibarazani utautafsiri vipi kama hujui Kiingereza cha vijana wa Los Angeles? Akafanya jambo ambalo mpaka leo nalikumbuka. Akaacha kutafsiri, akaanza kusimulia mtaa wetu. Yule mropokaji akawa anadaiwa na mama wa vitumbua. Mbabe mwenye baiskeli akapewa jina la mbabe wetu, ambaye nashukuru Mungu siku hiyo hakuwemo. Kibanda kikatikisika kwa vicheko. Miaka mingi baadaye nilipoiona tena kwa lugha yake, nikakuta mtafsiri hakuwa mbali sana. Mropokaji kweli anadaiwa: dola 200, na mwenye pesa kataka zirudi kabla ya saa nne usiku.

Yule kijana mkimya wa kibarazani, Ice Cube, tulikuwa tunamjua kwa njia nyingine. Sauti yake ilikuwa kwenye kaseti zilizorudufiwa mpaka zikawa zinakwaruza, na picha yake kwenye fulana za mitumba pale Mchikichini. Kofia nyeusi ya Raiders, yenye mtu aliyefunikwa jicho moja, niliinunua pale kwa sababu yake. Kwa muda mrefu niliamini Raiders ni kundi la muziki. Kumbe ni timu ya mpira wa Kimarekani, na kundi la Ice Cube ndilo lililoifanya kofia ile ivaliwe na watu wasiojua hata sheria za huo mchezo, mpaka Temeke.

Nimeandika makala hii kwa sababu kila wanaposimulia habari za Ice Cube, watu husema alikuwa rapa halafu akawa mwigizaji. Mimi naona hawajamtazama vizuri. Yule tangu mwanzo alikuwa mwandishi. Muziki na filamu zilikuwa milango miwili ya nyumba moja, na ugomvi mkubwa wa maisha yake ulikuwa kuhusu nani anashika ufunguo. Nina sababu yangu binafsi ya kulitazama jambo hilo hivyo.

Nikiwa kidato cha pili niliandika mashairi ya kuchana nyuma ya daftari la Jiografia. Sauti yangu ilikuwa ya kinanda kibovu. Rafiki yangu mmoja, mtoto wa maghorofani, alikuwa na sauti, sura na nauli ya kwenda studio. Akaniomba mistari, nikampa wimbo mzima. Kulikuwa na mstari niliokuwa naupenda kuliko yote: "Nyumbani chemli imevaa gazeti." Wimbo ukarekodiwa, ukapigwa redioni kwa wiki kadhaa, kaseti ikatoka. Kwenye jalada kulikuwa na jina la prodyuza, jina la aliyepiga picha, shukrani kwa mjomba mmoja wa Mbagala, na jina la rafiki yangu kwa herufi za moto. Langu halikuwemo. Malipo yangu yalikuwa chipsi mayai na soda. Sikudai kitu, maana sikujua kuna kitu cha kudai.

Sasa rudi Los Angeles.

O'Shea Jackson alizaliwa Juni 15, 1969, akakulia South Central. Jina la Ice Cube alipachikwa na kaka yake, aliyechoka kumwona mdogo wake anajitia mjanja akamtishia kwamba atamtumbukiza kwenye friza na kumtoa akiwa kipande cha barafu. Alianza kuandika mistari akiwa shuleni, darasa la kupiga taipu, baada ya mwenzake kumchokoza waone nani ataandika mkali zaidi. Napenda sana kwamba ilikuwa darasa la taipu. Wengine walianzia jukwaani au kwenye maspika ya mtaani. Yeye alianzia kwenye karatasi.

Hajafika hata miaka ishirini akaandika wimbo uitwao Boyz-n-the-Hood. Haukuwa wake kuuimba. Eric Wright, yaani Eazy-E, alikuwa kaanzisha lebo yake, Ruthless Records, na wimbo ulikusudiwa kundi moja la kutoka New York. Lile kundi likaukataa, kwamba lugha na mambo yaliyomo ni ya watu wa pwani ya magharibi. Dr. Dre, aliyetengeneza mdundo, akamshawishi mwenye lebo aingie kibandani mwenyewe. Eazy-E hakuwa mchanaji. Akarekodi mstari mmoja mmoja: anasema mmoja, wanasimamisha, wanarudia, wanaenda unaofuata. Wimbo ukatoka 1987 na kumfanya Eazy-E kuwa nyota. Maneno yalikuwa ya kijana mwingine.

Mnaona kwa nini naipenda habari hii.

Na kijana mwenyewe hakuwa na hakika kama muziki utamlisha. Mwaka 1987 alifunga mizigo akaenda Arizona, Phoenix Institute of Technology, kusomea uchoraji wa ramani za majengo kwa mwaka mmoja. Wazazi wa Kiswahili wangempenda: kwanza cheti, halafu hayo mengine. Aliporudi, N.W.A, kundi lake na akina Eazy-E na Dr. Dre, walikuwa wanaandaa Straight Outta Compton, albamu iliyotoka 1988, na sehemu kubwa ya mashairi yake ilitoka mkononi mwake, yakiwemo mengi yaliyochanwa na Eazy-E. Albamu ikauzika bila redio kuipiga. Wimbo wao dhidi ya polisi ulimfanya ofisa wa ngazi ya juu wa FBI, Milt Ahlerich, aandike barua kwa wasambazaji wao, Priority Records, Agosti 1989, kulalamika kwamba unachochea vurugu. Lebo yoyote yenye akili ingeiweka barua kama hiyo kwenye fremu.

Halafu ndiyo ikaja karatasi. Wakiwa kwenye ziara, Phoenix tena, vijana wa N.W.A waliwekewa mikataba mezani, na kwa kila atakayesaini kulikuwa na hundi ya dola 75,000. Hebu jiweke pale. Una miaka 20, umeandika nusu ya albamu inayotikisa Marekani, mfukoni huna cha maana, na mbele yako kuna hundi yenye jina lako. Wenzake wakasaini. Ice Cube akasema anataka kwanza wakili wake aisome, wakili wake mwenyewe na si wa lebo. Meneja Jerry Heller hakufurahi. Kabla mwaka 1989 haujaisha alikuwa ameshaondoka kwenye kundi. Baadaye akaenda kudai kisheria, wakamalizana nje ya mahakama.

Nimewahi kumsimulia kijana mmoja anayechana hapa Dar habari hiyo, akaniuliza: "Sasa bro, wakili alimpata wapi?" Ndilo swali lenyewe. Kusoma mkataba kunahitaji mtu wa kukusomea, na huyo naye anataka hela ambayo huna kwa sababu hujasaini mkataba. Wengi wetu tunanasa hapo. Ice Cube alikuwa na kwao pa kurudi, baba na mama walikuwa na kazi zao, na cheti cha kuchora ramani kilikuwa kwenye droo. Ujasiri wa mtu ni mkubwa kidogo akijua kesho atakula.

Albamu yake ya kwanza akiwa peke yake alitaka itengenezwe na Dr. Dre. Ikashindikana, lebo haikukubali. Akapanda ndege kwenda New York kwa The Bomb Squad, mafundi wa kundi la rap la Public Enemy, na Mei 1990 ikatoka AmeriKKKa's Most Wanted. Kwa wakati ule, kijana wa Los Angeles kwenda kurekodi kwa watu wa New York ilikuwa kama mpiga taarabu wa Unguja kwenda kutafuta bendi Tanga: nyumbani watasema, na ugenini watakupima. Walimpima, akapita.

Filamu ilimjia kwa mlango wa nyuma, kihalisi. John Singleton alikuwa mwanafunzi wa filamu pale chuo kikuu cha USC, anafanya kazi za kujifunza kwenye kipindi cha televisheni cha Arsenio Hall. Akamkuta Ice Cube nyuma ya jukwaa, akamwambia ana filamu anaandika na kuna nafasi yake. Ice Cube mwenyewe ameshasimulia kwamba hakutilia maanani. Kila mtu Los Angeles ana filamu anaandika. Walipoitana kwa majaribio alikwenda bila kuusoma mswada, akaboronga. Singleton akamrudisha nyumbani akausome, kisha aje tena. Aliposoma akakuta mle ndani kuna mtaa wake mwenyewe.

Filamu iliitwa Boyz n the Hood, jina lilelile la wimbo aliomwandikia Eazy-E. Ilioneshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes 1991, na Singleton akawa mtu mweusi wa kwanza, na mwenye umri mdogo kuliko wote, kuwania Oscar ya mwongozaji bora. Alikuwa na miaka 24. Ice Cube alicheza Doughboy, kijana aliyetoka jela, mwenye chupa mkononi na hasira asiyojua pa kuiweka. Mwisho wa filamu, asubuhi baada ya ndugu yake kuuawa, anakaa na rafiki yake na kusema kwamba ameangalia televisheni, wameonesha habari za nchi za mbali zenye vita, lakini habari ya ndugu yake haikuwemo. Hapazi sauti. Watu waliotarajia rapa aje kupiga kelele mbele ya kamera walikuta mtu anayejua kunyamaza.

Na anakaa wapi anaposema hayo? Kibarazani.

Singleton alimwachia pia neno moja ambalo Ice Cube amelirudia mara nyingi kwenye mahojiano: kama unaweza kuandika wimbo, unaweza kuandika filamu. Mtu mwingine angelichukua kama sifa za adabu. Yeye akaenda akanunua kompyuta na kuanza.

Kati ya hapo na Friday kuna albamu, na sitazipitia zote. Lakini siwezi kuiruka Death Certificate ya Oktoba 1991, kwa sababu mashabiki wake wengi hupenda kuiruka. Ndani yake kuna wimbo wa kuwatishia wenye maduka Wakorea, ulioandikwa kwenye hasira ya mwaka ule msichana Latasha Harlins, wa miaka 15, alipopigwa risasi dukani kwa sababu ya chupa ya juisi. Kuna mistari dhidi ya Wayahudi, humohumo kwenye wimbo wa kuwachamba wenzake wa N.W.A na meneja wao. Jarida la Billboard liliandika tahariri ya kuilaani. Niliipenda albamu ile nikiwa kijana kwa sababu sikuelewa maneno. Nimekua, nimeyaelewa, na yapo mahali siwezi kumtetea. Hasira ya kudhulumiwa na meneja mmoja haikumpa ruhusa ya kulitukana kabila la watu.

Mwaka uliofuata ukaja The Predator, ulioingia moja kwa moja namba moja kwenye chati, na ndani yake It Was a Good Day. Wimbo huo unasimulia siku moja ambayo hakuna baya lililotokea. Anaamka, mama kapika kifungua kinywa bila nguruwe, anacheza kikapu, polisi wanampita bila kumsimamisha. Kwa ile chai isiyo na nguruwe, nusu ya kijiwe chetu tuliapa kwamba Ice Cube ni Mwislamu mwenzetu, na ubishi huo ulidumu miaka. Video yake iliongozwa na kijana aitwaye F. Gary Gray, naye mzaliwa wa 1969.

Ukiutazama wimbo ule vizuri, Friday imo ndani yake yote. Siku moja, mtaa mmoja.

Aliiandika na DJ Pooh, rafiki yake mtengenezaji wa midundo, ambaye ndiye anayecheza yule masikini aliyeporwa baiskeli. Wazo lao lilikuwa kwamba filamu za mitaa ya weusi, ikiwemo ile iliyomtoa yeye, zilifanya South Central ionekane kama uwanja wa vita wa Vietnam. Wao walikulia hapohapo, na walichokumbuka zaidi ni kucheka. Kampuni ya New Line Cinema ikatoa dola milioni 3.5 hivi, pesa ya kununulia chai kwa Hollywood. Wakampa Gray kuongoza, filamu yake ya kwanza. Walipiga kwa siku 20, kwenye mtaa aliokulia Gray mwenyewe, mtaa wa 126, kwenye nyumba za watu anaowajua. Ndiyo maana ile barabara haionekani kama seti. Ni barabara ya mtu.

Tazama alichojiandikia Ice Cube humo ndani. Ndiye nyota, ndiye mwandishi, angeweza kujipa maneno yote ya kuchekesha. Aliyampa Chris Tucker, mchekeshaji ambaye hakuwa na jina kubwa. Akampa John Witherspoon, baba mtu, tukio zima la kuongelea choo. Akambakishia Craig, yaani yeye, kazi ya kukaa na kuangalia. Anakunja uso, anageuza shingo, anasema "kwaheri" kwa namna ya kumfukuza mtu. Mtu anayejua kuandika anajua kwamba kwenye baraza lazima awepo mmoja anayesikiliza, la sivyo umbea hauna pa kutua.

Na mwishoni, bunduki inapotoka, baba anamwambia mwanawe aiweke chini apigane kwa mikono, kama alivyokuwa amemwambia mapema: kuna siku utapiga na kuna siku utapigwa, lakini utaishi. Kibanda kizima kilisimama pale. Yule aliyeuliza stelingi yuko wapi ndiye aliyekuwa anashangilia kuliko wote.

Friday iliingiza zaidi ya dola milioni 27 kwenye kumbi za Marekani. Baada ya hapo milango ikawa wazi, na hapa nakwenda haraka maana miaka mingi ni ya kazi na hela. 1997 alipambana na joka kwenye Anaconda, picha iliyojaza vibanda vya Dar pengine kuliko zake zote, nakumbuka watu wakinong'ona "si yule wa kibarazani?" 1998 aliandika na kuongoza mwenyewe The Players Club. 1999 alikuwa jeshini na George Clooney kwenye Three Kings. Mwaka 2002 ukaja Barbershop, kinyozi cha Chicago, ambacho kwa kweli ni kibaraza kilichoingizwa ndani na kuwekewa vioo: watu walewale, ubishi uleule, na Ice Cube tena ndiye mwenye kukaa kimya katikati. Halafu zikaja za watoto, ambazo sitazisema vibaya kwa sababu wanangu wamezicheka sana.

Kisha akavaa sare. Mwaka 2012 alicheza mkuu wa polisi mwenye makelele kwenye 21 Jump Street, na 2014 akawa polisi tena Atlanta kwenye Ride Along. Yule aliyesababisha FBI iandike barua! Wapo waliosema kauza imani. Mimi nilicheka, kwa sababu sisi tuna wetu. Mwaka 2001 Profesa Jay alitoa Ndiyo Mzee, anaigiza mwanasiasa anayewaahidi wananchi mbingu na nchi huku wao wakiitikia "ndiyo mzee". Mwaka 2015 huyohuyo akachaguliwa mbunge wa Mikumi. Kabla yake Sugu alikuwa ameingia bungeni 2010 kupitia Mbeya Mjini, na baada yao Mwana FA akapata Muheza 2020, kisha akawa naibu waziri.

Hilo nimelitafakari sana. Kule rapa akikua anakwenda kwenye filamu, huku anakwenda Dodoma. Sidhani ni kwa sababu wachanaji wetu hawana vipaji vya kuigiza. Profesa Jay kwenye wimbo ule ameigiza watu wawili kwa pumzi moja. Ila filamu zetu zilikulia kwenye biashara ya kuuza kazi moja kwa moja kwa msambazaji: anakupa kitita, unampa mkanda na haki zake zote, kwaheri. Mwandishi ndani ya hesabu hiyo hakuwa mtu, alikuwa gharama ya soda. Sheria ya hakimiliki ilipitishwa 1999 na COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ikaundwa, lakini sheria kuwepo ni jambo moja na mtu kujua kwamba mistari yake ni mali ni jingine. Mwenye maneno makali na asiye na mahali pa kuyauza, jukwaa la siasa humpokea vizuri.

Ila nisimfanye Ice Cube malaika wa mikataba. Mwaka 2015 alikuwa mmoja wa watayarishaji wa filamu ya maisha ya N.W.A, iliyoongozwa na Gray yuleyule. Mwanawe, O'Shea Jackson Jr., ndiye aliyemwigiza, na nasikia raha kusema kwamba kijana alifanyiwa majaribio kama watu wengine, kwa muda mrefu. Iliingiza dola milioni 200 duniani. Tukio la hundi ya dola 75,000 limo, limepigwa vizuri sana. Ambacho hakimo ni wanawake waliopigwa na Dr. Dre miaka ile, akiwemo mtangazaji Dee Barnes, mpaka Dre mwenyewe akalazimika kuomba radhi hadharani filamu ikiwa bado kumbini. Wenye kalamu walikuwa pia wenye kifutio, na walikitumia.

Na Friday yenyewe? Hapa ndipo panaponiuma. New Line iliyotoa zile milioni tatu na nusu iliishia mikononi mwa Warner Bros., na haki za Friday zikaenda nayo. Baada ya sehemu ya pili, 2000, na ya tatu, 2002, Ice Cube alitaka kuifunga kwa sehemu ya mwisho. Kwa miaka mingi amekuwa akilalamika hadharani kwamba studio haitaki kumwachia wala kumtengenezea kwa masharti yake, na kwamba hatanunua kitu alichokiandika mwenyewe. Ni hivi karibuni tu alipoanza kusema mambo yamelainika. Waigizaji hawakusubiri: Witherspoon alifariki 2019, na Tiny Lister, yule mbabe wa baiskeli, 2020. Mtu aliyeikataa karatasi ya Phoenix akiwa na miaka 20 alisaini nyingine miaka mitano baadaye ili filamu yake itoke, na ndiyo iliyomshika miguu. Simlaumu. Bila ile saini mimi nisingeiona Temeke.

Mwaka jana nilikwenda msibani, Mtoni. Nikakutana na rafiki yangu wa kaseti. Amenenepa, ana duka la vifaa vya umeme, hajachana tangu wakati wa Mkapa. Tukakaa kibarazani na wanaume wengine kusubiri maiti itoke hospitali, viatu vyetu vimepangwa ngazini. Tukazungumza bei ya nyaya, shule za watoto, nani kafa na nani kahamia Chanika. Kisha akaniinamia.

"Hivi wewe, ule mstari. Nyumbani chemli imevaa gazeti. Ulikuwa unamaanisha nini?"

Nikamwangalia. "Umeuimba redioni hujui maana yake?"

"Nilidhani Chemli ni demu."

Mzee aliyekaa jirani yetu alikohoa kuficha kicheko, tukiwa msibani. Nikamweleza. Kwetu hakukuwa na umeme. Kioo cha chemli kilipasuka, mama hakuwa na hela ya kununua kingine, akakata kipande cha gazeti akakibandika kwa uji wa ngano penye ufa ili upepo usizime moto. Usiku ukiwashwa, herufi zilitokea ukutani kinyumenyume, kubwa, na mimi nilikuwa nazisoma nikiwa nimelala.

Akanyamaza kidogo. "Sasa mbona hukuniambia siku ile studio?"

"Hukuniita studio."

Gari la maiti likapiga honi kona ya barabara, tukainuka kutafuta viatu.